Macho ya Mwenyeji

Masomo: Kutoka 2:15–20, Hesabu 10:29–32



Israeli walikaa chini ya mlima Sinai karibu mwaka mzima. Walipokea sheria, wakajenga hema ya kukutania, wakahesabiwa kabila kwa kabila. Kisha wingu likainuka. Sura ya 9 ya kitabu cha Hesabu inalieleza wingu hilo kwa kirefu: likiinuka, watu wanang'oa mahema, likitua, wanapiga kambi, liwe limetua kwa usiku mmoja au kwa mwezi. Sijui msafara mwingine katika Maandiko uliopewa uongozi ulio wazi namna hii.

Ndiyo maana habari ya sura ya 10 inashangaza. Musa anamwendea Hobabu, Mmidiani, mtu wa ukoo wa mkewe, anamwomba aandamane nao. Hobabu anakataa, anataka kurudi kwao kwa jamaa zake. Musa anamsihi tena. Hoja yake ni kwamba Hobabu anajua wapi panafaa kupiga kambi katika jangwa lile, na kwa hiyo atakuwa macho yao.

Wako wanaoona hapa upungufu wa imani: mwenye wingu la Mungu anatafutia nini mtu wa kumwonyesha njia? Mimi sioni hivyo. Wingu lilionyesha wakati wa kwenda na mahali pa kutua. Mzaliwa wa pale alijua bonde lipi lina maji chini ya mchanga, upepo wa usiku unatokea upande gani, na mbuzi wasiachwe kula majani yapi. Mungu aliyewapa wingu ndiye aliyewapa na Hobabu. Tena Musa alikuwa na sababu ya kuwaamini Wamidiani. Miaka mingi nyuma aliingia nchi yao akiwa mkimbizi, amekaa kando ya kisima hana kwa kwenda, na Reueli, baba wa wale mabinti aliowasaidia kunywesha mifugo, akawauliza kwa nini wamemwacha mtu huyo huko nje. Waende wakamwite aje ale. Watu waliomlisha ndio aliowaomba wamwongoze.

Andiko hili lilinijia kwa nguvu katika mji wa Lalibela, kaskazini mwa Ethiopia, nilipokwenda likizo na mke wangu kabla ya janga la korona. Nataka kuwasimulia siku moja tuliyoipitisha pale tukiwa na mwongoza watalii, kisha niseme ninachoona inatudai sisi tuliobaki nyumbani.

Lalibela uko juu milimani, kama mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Zamani uliitwa Roha. Jina la sasa ni la mfalme wa nasaba ya Zagwe aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Ndiye anayesifiwa kwa makanisa 11 ya pale. Makanisa hayo hayakujengwa kwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Mafundi walisimama juu ya mwamba mwekundu wa volkano, wakachimba kuteremka, wakaacha bonge kubwa katikati ya shimo, halafu wakaanza kulichonga bonge hilo: paa kwanza, kisha madirisha, milango, na ndani yake nguzo na matao. Hebu fikirini fundi anayefanya kazi hiyo. Mwashi akikosea tofali analibomoa na kuweka jingine. Yule wa Lalibela alichokiondoa hakuweza kukirudisha. Kanisa kubwa kuliko yote, Bete Medhane Alem, yaani Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, lina urefu wa mita 33 hivi, na ibada inaendelea humo hadi leo. Padri Mreno, Francisco Álvares, aliyefika hapo katika miaka ya 1520, alisita kuendelea kuyaeleza katika maandishi yake kwa hofu kwamba wasomaji wa Ulaya wasingemsadiki. UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia, mwaka 1978.

Mwongozaji wetu alituambia tukutane saa moja asubuhi, na hatukuhitaji kuulizana saa moja ya nani, kwa sababu Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Kalenda yao ndiyo iliyotupa kazi: ina miezi 13, na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Alikuwa kijana wa makamo, shemasi wa kanisa tangu utotoni, aliyejifunza Kigeezi, lugha ya kale ya ibada yao, akiwa amekaa chini miguuni pa padri. Alivaa shuka jeupe la pamba mabegani. Kabla hatujaanza alituuliza swali moja: tumekuja kutazama, au tumekuja kusali? Tukasema vyote viwili. Akasema basi twende polepole.

Nimekwishaona watu wakizunguka mahali patakatifu wakiwa na kitabu cha mwongozo mkononi, wanatia alama kwenye kila kitu walichokiona, wanaondoka. Wana haki yao. Lakini Lalibela hauonekani namna hiyo. Kanisa la Mtakatifu George, Bete Giyorgis, limechongwa kwa umbo la msalaba, na paa lake liko sawa na ardhi unayoikanyaga. Unaweza kuwa hatua chache kutoka hapo na usijue kwamba mbele yako kuna kanisa. Yule shemasi alitusimamisha, akatuelekeza tupite upande gani, na ghafla ardhi ikafunguka na misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ikawa chini ya macho yetu. Tukateremka kwa njia nyembamba iliyokatwa mwambani. Katika kuta za shimo lile kuna vyumba vidogo, na katika kimojawapo imelala mifupa ya mahujaji waliofia hapo. Hakutuharakisha kupita. Alitulia kidogo mbele yao kama mtu anavyotulia mbele ya jamaa zake.

Tena akatuonyesha maji. Sikuwa nimefikiria habari ya maji. Makanisa yaliyo ndani ya mashimo, katika nchi ya mvua kubwa za masika yao, yangekuwa visima zamani sana. Akatuinamisha tuone jinsi mitaro ilivyochongwa kwa mteremko ili mvua isituame, na bonde lililochimbwa kati ya makundi mawili ya makanisa, wanaloliita Yordani. Hapo ndipo nilipomkumbuka Hobabu. Mgeni anaona nguzo na michoro. Mwenyeji anajua maji yanakokwenda.

Katika kundi la makanisa ya upande wa kusini-mashariki kuna njia ya chini kwa chini inayopita gizani. Mahujaji huipita bila taa, kwa maana inawakilisha kuzimu, na mwisho wake unatokea kwenye mwanga wa kanisa. Simu zetu zilikuwa na tochi. Mwongozaji akatuomba tuzizime. Akasema mkono mmoja tuuweke ukutani, mwingine juu, tulinde kichwa, na tumfuate kwa sauti yake. Mke wangu alishika ncha ya shuka lake. Mimi nimehubiri Zaburi ya bonde la uvuli wa mauti kwenye misiba mingi, na nimewaambia wafiwa wasiogope. Mle ndani nilijua kwa mwili wangu jinsi mtu asiyeona anavyomtegemea anayejua njia. Hakusema mengi. Alisema tu, hapa pana hatua, hapa inama, sasa nyooka. Kwa mtu aliye gizani hayo yanatosha, na mara nyingi sisi wachungaji tunawapa watu maneno mengi kuliko hayo wakati wanahitaji kusikia tu kwamba hapa pana hatua.

Siku ile ilikuwa na jambo lililoniuma pia, nami sitalificha. Kuna kanisa liitwalo Bete Golgota, lenye sanamu za watakatifu zilizochongwa ukutani kwa ukubwa wa mtu, na inasemekana ndipo alipozikwa mfalme Lalibela mwenyewe. Wanawake hawaruhusiwi kuingia. Mke wangu akabaki mlangoni. Ninyi mnajua kwamba kanisa letu la Kilutheri Tanzania lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mnajua nilivyo na msimamo juu ya hilo. Bado ninaamini kwamba Bwana aliyewatuma wanawake wa kwanza kulitangaza kaburi tupu hafungi mlango wa Golgota mbele yao. Nililisema kwa mwongozaji wetu, kwa upole, tulipokuwa peke yetu. Hakukasirika. Alinieleza wanavyofundishwa, akaniuliza maswali juu ya kanisa letu, tukaagana kwa hoja hiyo kila mmoja akiwa pale alipokuwa. Mgeni hahitaji kukubali kila anachokiona. Anachohitaji ni kutokuja na jembe la kulima shamba la mwenyeji siku ya kwanza. Mke wangu, nilipotoka, nilimkuta ameketi juu ya jiwe na mama mmoja mzee aliyevaa nguo nyeupe. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na yule mama alikuwa amemshika mkono.

Nguo nyeupe zilikuwa kila mahali kwa sababu ilikuwa Ijumaa, siku ya kufunga. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, pamoja na Kwaresima yao ndefu na mifungo mingine, hata siku za kufunga kwa mwaka kwa muumini wa kawaida zinafika kama 180, na kwa makasisi na watawa zinazidi 200. Wakifunga hawali nyama, mayai wala maziwa, na wengi hawali chochote hadi alasiri. Nilikuwa na hamu ya kuonja doro wat, mchuzi wa kuku na mayai ambao sifa zake zimefika kila mahali. Kwenye hoteli ya watalii wangetupikia bila kuuliza. Lakini mwongozaji alikuwa amepanga tukale nyumbani kwa dada yake baada ya ibada ya mchana, chakula kile kile watakachokula wao watakapofungua. Mke wangu akanitazama, tukakubaliana bila kusema neno. Bwana alipowatuma wale sabini aliwaagiza wale kile wanachowekewa mbele yao. Hakuwaambia wachague.

Tukanawishwa mikono, msichana wa nyumba alitumiminia maji kutoka birika kama inavyofanyika kwetu. Pakaletwa kikapu kirefu cha kusukwa, mesob, ambacho ndicho meza yenyewe, na juu yake sinia moja kubwa. Injera ilikuwa imetandazwa sinia zima: mkate mwembamba, laini, wenye vitundu, unaotengenezwa kwa unga wa tefu uliochachushwa siku kadhaa, wenye ukali kidogo. Juu yake palikuwa na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, mchuzi wa adesi wenye berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, majani ya jamii ya sukuma wiki, viazi na karoti, kabichi. Hapakuwa na sahani ya mtu mmoja. Sote tulizunguka sinia lile, kila mmoja akimega upande wake kwa mkono wa kulia, mkate ukiwa chakula na kijiko kwa pamoja.

Kisha dada mwenye nyumba akamega kipande cha injera, akakizungushia shiro na adesi, akatengeneza tonge nono, akamwelekezea mke wangu mdomoni. Huitwa gursha. Mwenyeji humlisha mgeni kwa mkono wake, na ndugu hulishana, na hupewi mara moja ikaisha. Alipomaliza kwa mke wangu akanigeukia mimi.

Mimi ni mchungaji. Kazi yangu ni kulisha. Nimeweka mkate katika mikono ya watu madhabahuni kwa miaka mingi, nimewalisha wagonjwa uji hospitalini, na nikienda nyumba za waumini kijijini wananichinjia kuku hata kama ni wa mwisho, nami nala kwenye sahani yangu kwa heshima zangu zote. Kwetu anayelishwa mdomoni ni mtoto, mgonjwa, au maharusi siku ya keki. Mtu mzima mwenye afya hafungui kinywa na kungoja. Nilifungua. Tonge lilikuwa kubwa, pilipili ikanipanda, nyumba nzima ikafurahi, na yule dada akatayarisha la pili.

Petro hakutaka kuoshwa miguu. Tunapoisoma Yohana 13 siku ya Alhamisi Kuu huwa tunaharakisha kufika kwenye amri ya kuoshana, kwa kuwa tunapenda kuwa wa upande wa beseni na taulo. Lakini kwanza palikuwa na kukaa na kuoshwa, na Bwana alimwambia Petro kwamba bila hilo hana sehemu naye. Na Bwana mwenyewe, tuliyezoea kumwita mwenye kutoa, alitumia sehemu kubwa ya huduma yake akiwa mgeni. Alimwomba maji mwanamke Msamaria. Alijialika kwa Zakayo. Alikula nyumbani kwa Martha, kwa Simoni Farisayo, kwa Mathayo. Emau aliingia kwa kubembelezwa. Hakuona haya kupokea kutoka mkono wa mtu ambaye wengine walimdharau, na watu wengi waliokolewa pale walipogundua kwamba wana kitu ambacho Mwana wa Mungu anakihitaji. Nadhani jambo hili limefichika kwetu kwa sababu ya fahari ya wema. Tunapenda usharika wetu uitwe usharika unaotoa. Hatuulizi ni nani anayetulisha sisi, na kama tunakubali kufungua kinywa.

Baada ya chakula ikafuata kahawa, na hapo jioni nzima ilikwenda. Buni ilioshwa, ikakaangwa mbele yetu juu ya makaa, moshi wake ukapitishwa kwa kila mgeni aunuse, ikatwangwa kinuni, ikachemshwa katika jebena, chombo cha udongo chenye shingo ndefu. Ubani ukafukizwa. Tulipewa na kolo, shayiri iliyokaangwa, ya kutafuna. Kikombe cha kwanza kinaitwa abol, cha pili tona, cha tatu baraka, na mgeni haondoki kabla ya baraka. Mimi nimekulia kwenye mibuni ya Kilimanjaro, ambako kahawa ni ada ya shule na bati la nyumba, kitu cha kuuzwa. Wazee wengi walioihudumia maisha yao yote hawakuizoea kinywani. Mbuni huo asili yake ni misitu ya Ethiopia. Kuketi saa mbili na watu wanaoinywa pamoja, wakiulizana habari za shamba, za watoto na za mgonjwa wa jirani, kuliniambia kwamba sisi tulipokea mti bila kupokea kikao chake.

Mwongozaji alilipwa, bila shaka. Tulimlipa ujira wake kamili na kitu juu yake, na kwa dada yake tuliacha zawadi. Sioni kwamba fedha inaupunguza ukarimu ule. Mtenda kazi anastahili ujira wake. Ni Bwana aliyesema hivyo, tena katika mlango huo huo wa kula kinachowekwa mezani. Kinachonisikitisha ni watu wanaotumia fedha nyingi kwa ndege na hoteli, kisha wanamkatia bei kijana anayewapa kumbukumbu ya miaka elfu ya watu wake. Hata kwetu nyumbani. Wapagazi wanaopanda Kilimanjaro na mizigo ya wageni, vijana wanaowatembeza watu Bagamoyo na Kilwa, wengi wao ni watoto wa sharika zetu, na sisi wenyewe tukienda kutalii tunasema hatuhitaji mtu wa kutuonyesha nchi yetu.

Kanisa la Ethiopia lenyewe lina historia ya mgeni aliyepokelewa. Katika karne ya 4 kijana mmoja aitwaye Frumentius alikuwa katika meli iliyotia nanga pwani ya Bahari ya Shamu. Wenyeji wakawashambulia na kuwaua karibu wote. Yeye na mwenzake walichukuliwa hadi jumba la mfalme huko Aksum. Huko wakalelewa, wakapewa kazi, wakaaminiwa. Frumentius alipopata uhuru alikwenda Aleksandria kwa Athanasio, akamwomba awapelekee Wakristo wa kule askofu, na Athanasio akamweka wakfu yeye mwenyewe. Mfalme Ezana akaukubali Ukristo. Waethiopia wanamwita Frumentius Abba Salama, Baba wa Amani. Mateka aliyelelewa na wageni akawa baba wa imani yao.

Miezi michache tu baada ya safari yetu viwanja vya ndege vilifungwa kwa korona. Novemba 2020 vita vikaanza Tigray, na mwaka 2021 Lalibela ukatekwa na kukombolewa na kutekwa tena, wakazi wakikaa bila umeme wala benki. Mapatano yalitiwa saini Pretoria Novemba 2022. Mwaka uliofuata mapigano mengine yakazuka katika jimbo la Amhara, ambamo mji huo umo. Makanisa yangali yamesimama na Noeli yao ya tarehe 7 Januari bado inawakusanya mahujaji. Lakini mji ambao watu wake waliishi kwa kuongoza wageni, kuwalaza, kuwapikia na kutunza viatu vyao mlangoni mwa kanisa, ulikosa wageni mwaka baada ya mwaka. Mwongozaji anapokosa wa kumwongoza anakosa unga wa injera.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo siku ile ya likizo inapotudai.

Waethiopia wanapita katika nchi yetu. Wengi ni vijana kutoka kusini mwa Ethiopia, wanaokwenda Afrika Kusini kutafuta kazi. Nao pia wana waongozaji, lakini si wa aina ya Hobabu. Ni mawakala wanaochukua fedha za ukoo mzima, wanawafungia watu ndani ya malori yaliyofunikwa, na pakiwa na hatari wanakimbia. Juni 2012, wilayani Kongwa, Dodoma, ilikutwa miili ya zaidi ya Waethiopia 40 waliokufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, wakatupwa porini pamoja na wenzao waliokuwa bado wanapumua. Tangu hapo habari za namna hiyo zimejirudia, kwa idadi ndogo, mpaka tumezizoea. Wanaokamatwa wanafikishwa mahakamani kwa kuingia nchini bila kibali, na wengi wanaishia magerezani mwetu, Kilimanjaro, Tanga, Mbeya na kwingineko, hawajui Kiswahili, hawana ndugu wa kuwaletea hata sabuni.

Sisemi serikali isiwe na sheria za mipaka. Nasema kwamba Reueli alipoambiwa kuna mgeni kisimani hakuuliza kwanza anakimbia nini, ingawa Musa alikuwa amekimbia kosa la kuua mtu. Aliuliza kwa nini ameachwa nje bila kula. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumelitaja sana neno hilo kwenye sherehe. Kijana wa Kiethiopia aliye gerezani si mgeni wa sherehe. Ni mgeni yule ambaye Bwana, katika Mathayo 25, amejihesabu pamoja naye mara mbili, kama mgeni na kama mfungwa.

Naziomba jumuiya zetu, kwa hiyo, zijadili jambo hili katika kikao cha wiki hii. Huduma ya magereza ya usharika tayari ina kibali cha kuingia gerezani kila mwezi. Mwezi huu ongezeni chakula kwa ajili ya wafungwa wa kigeni, mkiuliza kwanza kama kuna wanaofunga Jumatano na Ijumaa ili msiwapelekee nyama siku hizo. Mwenye ndugu au jirani anayejua Kiamhari au Kioromo anijulishe, tupate mkalimani. Na kwenye maombi ya Jumapili tutaiombea amani nchi ya Ethiopia, na kwa namna ya pekee watu wa Lalibela, ili wageni wao warudi.